Jino la mwanangu halisikii baridi: je, limekufa?

*"Daktari, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 8. Wiki 5 zilizopita alianguka na baiskeli akajigonga mdomo. Jino moja la mbele juu, la kudumu, lililegea kidogo, fizi ikatoka damu na kona ya jino ikamegeka. Halikuhama mahali pake. Juzi nilimpeleka kwa daktari wa meno, akaligusisha kitu cha baridi, mtoto akasema hasikii. Daktari akasema jino limekufa, tupange siku ya kulitoboa na kusafisha mzizi. Nikaenda kwa daktari wa pili. Yeye alianza kupima meno mazima, akapiga picha, kisha akasema tusubiri kwanza. Jino haliumi wala fizi haijavimba, ila limekuwa na rangi ya kijivu kwa mbali. Nyumbani nimejaribu mwenyewe kwa barafu, bado anasema hasikii. Ile kona haijazibwa kwa kuwa haimsumbui. Nimwamini nani? Naogopa kusubiri mpaka jino lioze ndani, na naogopa kumtoboa mtoto bure."*

Mama, pole sana, na mfikishie mtoto pole zangu. Hofu zako zote mbili zina msingi. Kuna meno ya watoto yaliyoharibika kwa sababu yalitobolewa mapema, na kuna mengine yaliyoharibika kwa sababu hakuna aliyerudi kuyaangalia. Kwa maelezo uliyonipa, mimi nasimama na daktari wa pili: subirini, lakini subirini kwa kalenda na kwa macho makali. Na kuna jambo moja katika barua yako lisilopaswa kusubiri hata kidogo, nalo ni ile kona iliyomegeka. Nitaifikia.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana ndicho kilichozua mzozo. Daktari akisema anapima kama jino liko hai, ni rahisi kudhani kwamba kuna kitu kinachouona uhai wenyewe. Kipimo cha baridi hakiuoni. Kinauliza swali moja tu: je, neva za jino hili zinapeleka habari? Uhai wa jino hautokani na neva, unatokana na damu. Jino lenye damu safi inayozunguka ndani yake liko hai hata kama neva zake zimenyamaza. Ni kama kupiga simu nyumbani kwa mtu: isipopokewa huwezi kutangaza msiba. Huenda mwenye nyumba yupo ndani, waya tu ndio umekatika.

Na kwa mtoto aliyeanguka, waya kukatika ni jambo la kutarajiwa. Ndani ya kila jino mna chumba chembamba chenye nyama laini, tunayoiita kiini cha jino. Wengi huiita mshipa wa jino. Humo mna mishipa midogo ya damu, neva, na seli zinazojenga ukuta wa jino kwa upande wa ndani. Vyote hivyo huingilia kwenye ncha ya mzizi. Kwa mtu mzima mlango huo ni mdogo kuliko kichwa cha pini. Kwa mwanao hali ni tofauti kabisa. Meno ya kati ya mbele juu hutokeza mtoto akiwa na miaka 7 hivi, na mzizi huendelea kukua kwa miaka mingine kama 3 kabla ncha haijafunga. Kwa hiyo mzizi wa jino lake bado ni mfupi, kuta zake ni nyembamba, na ncha yake iko wazi kama mdomo wa tarumbeta.

Alipoanguka, jino lilitikisika ndani ya tundu lake. Mishipa ya pale mlangoni ilivutwa, na huenda mingine ilikatika. Hapo ndipo mlango mpana unapokuwa neema: damu huweza kuendelea kupita, na hata pale iliposimama, mishipa mipya huweza kuota na kuingia tena. Neva nazo hurudi, ila taratibu zaidi. Kuna meno yanayokaa wiki kadhaa, mengine miezi, bila kusikia chochote, kisha siku moja mtoto anashtuka kwa baridi kama asiyewahi kuumia.

Tena kuna sababu ya pili, ambayo hata madaktari huisahau. Neva zinazopokea baridi na umeme ndani ya jino ni za mwisho kukomaa. Huweza kuchukua hadi miaka 5 hivi tangu jino litokeze ndipo mtandao wao ukamilike. Kwa hiyo hata jino zima, lisilowahi kugongwa, la mtoto wa miaka 8 linaweza kukataa kujibu. Ndiyo maana daktari wa pili alianza na meno mazima. Hakuwa akipoteza muda. Ukirudi kwake, muulize: lile jino pacha la upande wa pili lilijibu nini? Ikiwa nalo lilikuwa bubu, basi ububu wa hili lililoumia hautuambii lolote.

Ngoja nikueleze kipimo kinavyofanyika kikifanywa vizuri, ili siku nyingine ukae pembeni ukijua unachokiona. Jino hukaushwa kwanza, kwa sababu mate hupeleka baridi kwenye fizi na meno jirani. Daktari hupulizia gesi ya baridi kwenye kipande kidogo cha pamba mpaka kifanye barafu nyeupe, kisha hukigusisha upande wa mbele wa jino kwa sekunde chache. Mtoto haulizwi "unasikia?" mara kwa mara, maana mtoto mwenye adabu atasema ndiyo ili amfurahishe mkubwa. Anaambiwa ainue mkono pale tu anapohisi kitu, aushushe kikiisha. Mimi huanza na jino zima, ili mtoto ajue hisia ninayoitafuta ikoje. Kisha, bila kumwambia, hugusisha pamba kavu isiyo na baridi. Nimewahi kuwa na binti wa miaka 7 aliyeinua mkono pamba ikiwa bado hewani. Hakuwa akidanganya, aliogopa tu. Kwa hiyo majibu yake ya siku ile niliyaandika na alama ya kuuliza pembeni, tukarudia wiki mbili baadaye akiwa ametuzoea.

Kwa sababu hiyo hiyo nakuomba uache kumpima kwa barafu nyumbani. Barafu huyeyuka, maji yake yakagusa fizi na meno ya jirani, na jibu utakalopata halitakuwa la jino hilo. Baya zaidi, mtoto akiulizwa kila siku swali lile lile hujifunza jibu. Akifika kwa daktari atasema "sisikii" kwa mazoea.

Kipo pia kipimo cha umeme mdogo unaopanda taratibu mpaka mtoto ahisi mtekenyo. Kwa meno ambayo mizizi yake haijafunga, hicho hakiaminiki sana kama baridi. Na ile namba inayoonekana kwenye mashine si kipimo cha afya: jino lililojibu kwenye 20 si zima mara mbili kuliko lililojibu kwenye 40.

Utauliza, kama uhai ni damu, kwa nini tusipime damu? Swali zuri, na vifaa vipo. Kimoja hutumia mwanga wa leza kufuatilia mwendo wa chembe za damu ndani ya jino. Kingine ni ndugu wa kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu hospitalini, ila hutengenezewa kishikio cha kukaa kwenye jino. Kwa watoto vina faida kubwa, kwa sababu havimuulizi mtoto chochote wala havimuumizi. Lakini vina masharti. Jino lazima lishikwe bila kutikisika hata kidogo, mwanga huweza kuchukua habari za damu ya fizi badala ya jino, na jino lililokwisha kubadilika rangi kwa damu iliyovuja hupotosha usomaji. Kliniki nyingi hazina vifaa hivi. Ukivikuta, vizuri, usipovikuta, usidhani mwanao amekosa matibabu.

Sasa ile rangi ya kijivu. Najua ndiyo inayokukosesha usingizi, maana unaiona kila anapocheka. Jino likigongwa, mishipa midogo ya ndani huvuja damu, na damu hiyo hupenya kwenye vijitundu vya dentini, yaani ile tabaka iliyo chini ya enameli, ganda gumu la nje la jino. Mwanzoni jino huweza kuonekana la waridi, kisha likaingia kijivu, sawasawa na goti lililogongwa linavyobadilika rangi. Katika wiki za mwanzo hiyo ni alama ya jeraha, wala si cheti cha kifo, na mara nyingine hufifia yenyewe. Kijivu kinachobaki au kinachozidi kukolea baada ya miezi kadhaa ndicho kinachonitia shaka. Na likija kuwa la njano siku za usoni, usishtuke: hiyo kwa kawaida ni ishara kwamba kiini kiko hai na kinajenga ukuta kwa wingi mpaka chumba chake kinaziba. Jino la namna hiyo likikaa kimya, huachwa na kufuatiliwa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata wataalamu. Mwaka 1986 Frances Andreasen, mtafiti wa majeraha ya meno wa Denmark, alieleza meno yaliyogongwa ambayo kwa muda yalibadilika rangi, yakaacha kujibu vipimo, na kwenye picha ncha ya mzizi ikaonekana kama inaliwa, kisha yote yakarudi kuwa ya kawaida bila kutobolewa. Jino lilikuwa likijitengenezea nafasi ya kupitisha mishipa. Angekuwapo mtu mwenye haraka, yangesafishwa mizizi yakiwa katikati ya kupona.

Shahidi ninayemwamini kuliko wote ni ukuaji. Jino lililokufa haliwezi kujenga. Kwa mtoto wa umri huu kuna jambo moja zuri: jino pacha liko hapo hapo kama rula. Picha ya eksirei ya leo huwekwa kando ya picha ya baada ya miezi 3 na ya miezi 6, zikiwa zimepigwa kwa pembe ile ile, na tunatazama: mzizi umerefuka? Kuta zimenenepa? Ncha imeanza kufunga? Kama meno yote mawili yanakwenda pamoja, jino lile linaishi, hata likikaa bubu mwaka mzima. Kama pacha amesonga mbele na hili limesimama palepale, hapo ninabadilisha mawazo. Kasoro ya shahidi huyu ni kwamba hana haraka. Kwa hiyo hakikisha picha ya daktari wa pili unapewa nakala na kuitunza. Bila picha ya mwanzo hakuna cha kulinganisha.

Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa majeraha ya meno, IADT, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 inasema jino lililogongwa kutojibu kipimo peke yake si ushahidi wa kutosha kwamba kiini kimekufa. Inataka walau dalili mbili, na inakumbusha kwamba ukimya wa neva huweza kudumu miezi 3 au zaidi. Unaweza kuniambia: "Daktari, mbili si tayari zipo, ububu na ukijivu?" Ni hoja ya haki. Jibu langu ni kwamba zote mbili, zikija mapema hivi, ni matokeo ya moja kwa moja ya kuanguka kwenyewe na hujulikana kurudi nyuma. Dalili zenye uzito ni za maambukizi: kipele cha usaha kwenye fizi, uvimbe, jino kuuma likigongwa au likitafunia, kulegea kunakozidi, kivuli cheusi kinachokua kwenye ncha ya mzizi katika picha, au mzizi uliosimama kukua. Mwanao, kwa ulivyonieleza, hana hata moja.

Nikuwekee mizani wazi. Tukilitoboa leo jino ambalo lilikuwa hai, tunaua seli zilizokuwa zikijenga. Mzizi unabaki mfupi na mwembamba kama ulivyo akiwa na miaka 8, naye atautumia maisha yote. Meno ya namna hiyo huvunjika kwa urahisi karibu na fizi. Na hakuna kurudi nyuma. Tukisubiri, na kumbe kiini kimekufa na bakteria wameingia, hatari ni mzizi kuliwa na uvimbe wa ndani, na kwa watoto huo hauendi polepole: wiki chache zinaweza kuleta uharibifu mkubwa. Ndiyo maana simwambii mzazi "nenda nyumbani, utarudi likiuma." Mara nyingi haliumi.

Kwa jino lililolegea bila kuhama, mwongozo huo unataka mtoto aonwe baada ya wiki 2, wiki 12, miezi 6 na mwaka 1. Nyinyi mko wiki ya 5. Kwa kuwa kuna ukijivu na kona iliyobaki wazi, mimi ningeongeza ziara moja katika wiki ya 8, kisha ile ya wiki 12 isikosekane kwa sababu yoyote. Kila ziara ifanye mambo yale yale kwa mpangilio ule ule: rangi, kugonga jino taratibu, kuona kama limelegea, kutazama fizi, baridi kwa jino hili na pacha wake, na picha. Jibu la ziara moja lina uzito mdogo. Mfululizo wa majibu ndio unaosema.

Haya ninayokuambia ni ya mtoto mwenye ncha iliyo wazi na jino ambalo halikuhama. Jino lililong'oka kabisa likarudishwa, na ambalo mzizi wake ulikwisha kufunga, halisubiriwi namna hii. Hilo matibabu ya mzizi huanza ndani ya wiki 2. Nataja hili kwa ajili ya mzazi mwingine atakayesoma, asije akachukua subira isiyo yake.

Turudi kwenye ile kona, maana ndipo nilipokunja uso niliposoma barua yako. Haimsumbui kwa sababu neva zimelala, si kwa sababu hakuna neno. Kama imemegeka kupita enameli hadi dentini, kuna maelfu ya vijitundu vilivyo wazi vinavyoelekea moja kwa moja kwenye kiini. Kiini chenye damu ya kutosha hujitetea. Kiini kilichotikiswa, ambacho damu yake bado inajipanga, hujitetea kwa shida. Jino lililolegea na kumegeka kwa pamoja lina nafasi ndogo ya kupona kuliko lenye moja tu kati ya hayo. Kwa hiyo likazibwe wiki hii. Ni kazi ya muda mfupi, mara nyingi haihitaji hata sindano, na kama mna kile kipande kilichomegeka kitunzeni kwenye maji, huenda kikagandishwa tena. Kwa maoni yangu, hatua hii itasaidia uhai wa jino hilo kuliko mjadala wote wa baridi.

Na ikija kuthibitika kwamba kiini kimekufa? Jino halipotei. Mzizi husafishwa, kisha ile ncha iliyo wazi huzibwa kwa saruji maalumu ya tiba, au katika njia mpya zaidi, damu ya mtoto mwenyewe huachwa iingie kidogo ndani ya mzizi ili tishu mpya ziote na pengine mzizi uendelee kidogo kukua. Kila njia ina mipaka yake, na uamuzi huo ningependa ufanywe na daktari wa meno ya watoto au mtaalamu wa mizizi. Daktari yeyote akifungua jino na kukuta nyama nyekundu inayotoa damu, anapaswa kusimama na kufikiri upya kabla ya kuendelea. Simlaumu daktari wa kwanza kwa nia yake, aliona kimya akaogopa usaha. Ila kama ataendelea kumhudumia mtoto, muulize kwa upole: "Pacha wake ulimpima? Tunaweza kurudia baada ya miezi 3?"

Usisubiri tarehe yoyote ukiona fizi imetoa kipele au kuvimba, mdomo wa juu umevimba, mtoto anaamshwa na maumivu usiku, analikwepa jino hilo anapotafuna, au limeanza kulegea upya. Siku hiyo hiyo au kesho yake aonwe. Uvimbe wa uso pamoja na homa hausubiri asubuhi. Na usimpe dawa za kuua bakteria ulizobakiza nyumbani: haziwezi kurudisha uhai wa kiini, na huweza kuficha dalili tunazozitafuta.

Mwisho, jihadharini na neno "limekufa" mbele yake. Mtoto wa miaka 8 akilisikia, hulibeba moyoni. Anaacha kucheka akiwa amefungua mdomo, na kwenye kiti cha daktari anajibu kama mtu aliyekwisha kuambiwa matokeo. Mwambie jino limeumia na limelala, nasi tunakwenda kuona kama limeamka. Siku ya kipimo akae mwenyewe kwenye kiti, wewe kaa pale asipouona uso wako, ili mkono wake uinuke kwa anachohisi yeye, si kwa anachokisoma machoni pako.